Samaki Anaachiwa na Bado Anakufa: Soma Dalili, Tafuta Chanzo

Samaki akichomoka mkononi mwako na kutokomea kwa kasi, hilo peke yake halithibitishi kwamba atapona. Wengi wanaokufa baada ya kuvuliwa kwa ndoano na kurudishwa hawafii mbele ya mvuvi. Wanafia kilindini au kwenye majani ya majini, saa kadhaa au siku kadhaa baadaye, pasipo na mtu wa kuwaona. Kwa hiyo mtu anaweza kuvua miaka na miaka akiwa na hakika kwamba anarudisha samaki wazima, na hakuna wa kumwambia vinginevyo.

Hata hivyo samaki huonyesha hali yake kabla hujamwachia. Anayejua kuisoma hali hiyo ataona pia kwamba kosa kwa kawaida halikutokea wakati wa kuachia. Lilitokea mapema: kwenye mshipi uliochagua, namna ulivyomvuta, ulivyomshika, na muda uliomweka hewani. Basi tuanze na kinachoonekana, kisha turudi nyuma hadi kilipoanzia.

## Mpime kwanza, akiwa bado majini

Vipimo ni vitatu, na vyote havichukui hata nusu dakika. Mshike samaki chini ya uso wa maji, mlaze taratibu ubavu mmoja kisha mwingine, huku ukilikazia macho jicho lake. Samaki mwenye fahamu timamu hujitahidi kuliweka jicho sawa hata mwili ukilala: utaona linazunguka ndani ya tundu lake kuelekea upande wa pili ili kufidia. Aliyeishiwa nguvu kabisa, jicho huenda na mwili, limetulia tuli. Pili, bana shina la mkia kwa vidole. Mzima atapiga mkia na kutaka kuchomoka. Tatu, mgeuze tumbo juu, legeza mkono bila kumwacha aende: anatakiwa ajigeuze mwenyewe ndani ya sekunde 3 hivi.

Watafiti wa samaki hutumia majibu haya haya ya mwili kukadiria nani ataishi, maana hupotea moja baada ya jingine kadiri samaki anavyodhoofika. Akifaulu yote, mwachie papo hapo. Usimkalishe mkononi ukidhani unamsaidia. Kushikwa kwenyewe ni mzigo juu ya mzigo. Akishindwa hata kimoja, tafuta dalili yake hapa chini.

## Amelala tumbo juu, na hakutoka kina kirefu

Chanzo cha kawaida ni mvutano mrefu. Misuli myeupe ya samaki, ile ya kukimbilia hatari, hufanya kazi bila kungoja oksijeni, na inapofanya hivyo asidi laktiki hujaa kwenye misuli na damu. Damu ikishachachuka, uwezo wake wa kubeba oksijeni hushuka, wakati huohuo ambapo mwili unaihitaji oksijeni kuliko kawaida. Samaki huchukua saa nyingi kuiondoa hali hiyo. Anaweza kuondoka akiogelea vizuri tu, akafika mahali pa kujificha, akafia hapo.

Dawa iko kwenye vifaa. Wapo wanaosifu mshipi mwembamba na fimbo laini, eti ndiyo ustadi na ndiyo kumpa samaki nafasi. Kwa samaki atakayerudishwa, hiyo ni kumchosha hadi kumuua. Chagua mshipi wenye nguvu inayomtosha samaki unayemtarajia, kaza rili (gurudumu la kukunjia mshipi), mlete haraka. Akija bado ana nguvu za kurusha maji usoni mwako, umefanya vizuri.

Huyu aliyeko mkononi sasa, mwelekeze kichwa kule mkondo unakotoka, mkono mmoja kwenye shina la mkia na mwingine umkinge chini ya kifua bila kumbana. Kwenye maji yaliyotulia, tembea naye mbele polepole au mzungushe kwa duara. Usimsukume mbele na nyuma. Matamvua yameumbwa kupokea maji yanayoingia mdomoni na kutokea pembeni, na ukimvuta kinyumenyume unayazuia yasifanye kazi hiyo. Ukiona vifuniko vya matamvua vinafunguka na kujifunga vyenyewe kwa mpigo usiokatika, na mkia unaanza kukusukuma, fungua vidole. Usimtupe kutoka juu ya chombo au ukingoni. Mteremshe hadi majini.

Kama umemvuta haraka na bado amelegea, pima joto la maji. Maji yasiyo na chumvi yanapokuwa nyuzi 10 za Selsiasi yanaweza kubeba takriban miligramu 11.3 za oksijeni kwa lita. Kwa nyuzi 20 ni 9.1; kwa nyuzi 30 ni 7.6 tu. Wakati huohuo mwili wa samaki kwenye maji ya moto unahitaji oksijeni zaidi. Kwa trauti na jamaa zake, maji yakipita nyuzi 20 mimi nasema weka fimbo chini, kwa sababu hapo hata mikono mizuri kiasi gani haiwezi kufidia. Samaki waliozoea maji ya vuguvugu huvumilia zaidi, lakini nao wana kikomo chao. Kipimajoto kidogo cha kufunga kwenye kamba kina faida kuliko nusu ya vitu vinavyojaza mikoba yetu. Jambo moja husahaulika: kwenye bwawa lililojaa majani na mwani, alfajiri maji huwa ya baridi lakini oksijeni yake iko chini kabisa, kwa sababu mimea ya majini imeitumia usiku kucha bila jua la kuitengeneza upya. Ukiona samaki wanagugumia juu ya maji asubuhi, usivue hapo mpaka jua lipande.

## Anaelea, macho yamevimba, kitu cha waridi kimetoka mdomoni

Huyu ametoka kina kirefu, na tatizo lake ni gesi. Samaki wengi wana kibofu cha hewa, bondo, kinachowasaidia kutulia kwenye kina wanachotaka. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo linalokaribia lile la hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo kwenye mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, kwenye mita 20 ni mara tatu, kwenye mita 30 mara nne. Ukimpandisha samaki aliyekuwa ametulia mita 20, gesi iliyo bondoni inataka kujitanua mara tatu.

Trauti, samoni na kapi wana mfereji unaounganisha bondo na koo, wanaweza kutema gesi wakiwa njiani. Sangara, sato, chewa, changu na wengine wengi hawana mfereji huo. Gesi yao huondoka kwa kufyonzwa na damu, kazi ya saa nyingi, na ndiyo maana kumvuta polepole hakumsaidii. Unamchosha tu juu ya madhara yaleyale. Papa na taa hawana bondo, kwa hiyo shida hii haiwahusu.

Ule mfuko wa waridi unaojitokeza mdomoni watu huuchoma wakidhani ni bondo. Siyo. Ni tumbo la chakula la samaki mwenyewe, limegeuzwa na kusukumwa nje na gesi iliyo nyuma yake. Ukilitoboa umemtoboa tumbo. Liache lilivyo, akirudi chini litarudi mahali pake lenyewe.

Anachohitaji ni kurudishwa kwenye shinikizo. Mita 10 za kwanza tu za kushuka hupunguza gesi hiyo kwa nusu, na kinachobaki ni kumfikisha karibu na kina alichotoka. Njia rahisi ni kreti ya plastiki iliyofungwa mawe au vyuma, ikageuzwa mdomo chini na kufungwa kamba: samaki anawekwa chini yake, kule kuelea kwake kunambana ndani ya kreti wakati inazama, na gesi ikishasinyaa anatoka mwenyewe kwa chini. Njia nyingine ni ndoano kubwa isiyo na kijino, iliyogeuzwa: chubwi, yaani kizito cha kuzamishia mshipi, inafungwa kwenye jicho la ndoano na kamba kwenye pindo lake, ili ncha itazame chini. Ichomeke kwenye tundu lililokwisha kuwapo mdomoni, shusha, na ukifika chini vuta kamba kwa mkupuo mmoja, ndoano itachomoka. Chubwi iwe nzito ya kutosha kushinda kuelea kwa samaki, la sivyo utakaa hapo juu ukimtesa.

Kuna wanaotoa gesi kwa sindano tupu kupitia ubavuni. Kwa mtu aliyefundishwa, kwa samaki anayemjua vizuri, inaweza kufaa. Kwa asiyejua bondo liko wapi hasa, sindano hiyo inaishia kwenye ini au utumbo. Kreti haihitaji ujuzi huo, na ndiyo ninayokushauri.

Kumbuka pia kwamba macho yaliyovimba ni dalili unayoiona tu. Kunaweza kuwa na mishipa iliyopasuka ndani usiyoiona. Ukiona samaki wawili watatu mfululizo wanapanda katika hali hii, acha kuvua pale. Hamia maji ya kina kifupi. Kushusha samaki kwa kreti ni kumwokoa yule aliyekwisha kupatwa, hakukupi ruhusa ya kuendelea kuwapandisha wengine.

## Damu inatoka, au ndoano haionekani

Ndoano iliyoshika mdomoni ni jambo dogo. Iliyoshuka kooni au tumboni ndiyo inayoua kuliko karibu kosa jingine lolote, kwa sababu jirani na koo la samaki kuna moyo, ini na mishipa mikubwa ya matamvua.

Ndoano ikiwa imemezwa, usiichimbue. Kata mshipi karibu na ndoano kadiri unavyoweza bila kuingiza vidole kwenye matamvua, kisha mwachie. Majaribio kwa aina nyingi za samaki yameonyesha kwamba waliokatiwa mshipi huishi zaidi kuliko waliochokonolewa, na baadhi huitoa ndoano wenyewe baada ya siku au wiki. Ndoano ya chuma cha kawaida huoza. Ya chuma kisichoshika kutu hukaa muda mrefu sana, kwa hiyo usiitumie mahali unapokusudia kuachia.

Lakini ukikata mshipi mara kwa mara, shida iko kabla. Chambo hai kinachoachwa kining'inie huku mvuvi anazungumza na wenzake ndicho kinachomezwa zaidi. Shika fimbo, kaza mshipi mara tu unapoguswa. Au tumia ndoano duara, ile ambayo ncha yake imepinda kurudi kuelekea mti wa ndoano. Hiyo huteleza kutoka kooni na kushika pembeni mwa mdomo, mradi usiivute kwa kishindo. Kaza tu, acha samaki ajishike mwenyewe. Nunua iliyonyooka, ile ambayo ncha yake imepindishwa kando hupoteza sehemu kubwa ya faida hii.

Kijino cha ndoano, ule mwiba mdogo wa nyuma, kibonyeze kwa koleo hadi kilale. Utampoteza samaki mmoja mmoja aliyelegezewa mshipi. Utakachopata ni ndoano inayotoka kwa kugeuza koleo mara moja, samaki akiwa majini, hata hujamgusa. Na chambo bandia chenye ndoano za matawi matatu, mbili au tatu kwa chambo kimoja, kibadilishe kiwe na ndoano ya ncha moja. Ndoano ya matawi ikishika mdomo, tawi la pili hushika jicho au matamvua wakati samaki anajirusha.

Damu ikitoka kwenye matamvua yenyewe, wapo wanaomimina soda ili iishe. Majaribio yaliyofanywa kwa samaki aitwaye paiki hayakuonyesha faida yoyote, na wakati soda inamiminwa samaki yuko hewani. Mrudishe majini upesi. Kinywaji kibaki ndani ya chupa. Kama damu ni nyingi na matamvua yameanza kupauka, huyo hatapona. Ikiwa sheria ya mahali hapo inakuruhusu kumchukua, mpige pigo moja zito juu ya kichwa nyuma ya macho, na umle. Kumrudisha majini ili akafie mbali na macho yako kunakusaidia wewe, yeye hakumsaidii. Ikiwa sheria inataka arudishwe, kwa mfano hajafikia kipimo, mrudishe bila kuchelewa.

## Alikuwa na nguvu wakati anafika, akalegea wakati wa picha

Hili ndilo linalonisumbua kuliko mengine, kwa sababu halina ulazima wowote. Nyuzinyuzi za matamvua husimama zikiwa zimetandazwa na maji. Hewani zinalala na kugandana, na eneo la kupokea oksijeni linapotea karibu lote. Na yote haya yanatokea mara tu baada ya mvutano uliomwacha akitweta.

Watafiti Ferguson na Tufts walichapisha mwaka 1992 matokeo ya jaribio kwa trauti. Samaki waliokimbizwa hadi kuchoka bila kutolewa hewani walikufa asilimia 12. Waliochoshwa hivyohivyo kisha wakawekwa hewani sekunde 30 walikufa asilimia 38. Waliowekwa hewani sekunde 60, asilimia 72. Hilo lilikuwa jaribio la maabara, na samaki wa aina nyingine au kwenye maji mengine watatoa idadi tofauti. Lakini sekunde 30 ni muda wa kumwambia mwenzako, "Ngoja, piga nyingine, nimefumba macho."

Jiwekee kikomo cha sekunde 10. Samaki abaki ndani ya wavu, wavu ndani ya maji, mpaka kamera iwe tayari na mpigaji awe amesimama mahali pake. Ndipo umwinue, maji yakimdondoka, na umrudishe. Njia nzuri ya kujipima ni kubana pumzi yako wakati anatoka majini. Bora zaidi, mpige picha akiwa nusu ndani ya maji. Rangi zake hutoka vizuri kuliko hewani.

Kambare huvumilia hewa kwa sababu ana kiungo cha pili cha kupumulia juu ya matamvua. Usichukue uvumilivu wake ukaupeleka kwa samaki mwingine. Na hata yeye ute wake unakauka kama wa wengine.

## Mabaka meupe mgongoni, au alama za vidole

Hii haionekani siku hiyo. Utaiona kwa samaki aliyewahi kushikwa siku zilizopita: doa lenye nyuzi nyeupe za ukungu, mara nyingine likiwa na umbo la kiganja. Ukungu huo huingia pale ute ulipoondolewa. Ule utelezi unaotukera mikononi ndio kinga yake ya nje: unazuia vijidudu na unasaidia kudhibiti maji na chumvi zinazoingia na kutoka mwilini.

Wanaouondoa ni mkono mkavu, glovu za kitambaa, taulo, wavu wa nailoni wenye mafundo, mchanga, mbao za chombo zilizochomwa na jua. Lowesha mikono kabla hujamgusa. Osha mikono kwanza kama umejipaka dawa ya mbu au mafuta ya kukinga jua. Tumia wavu wa mpira usio na mafundo. Kama lazima umlaze, mlaze juu ya kitu laini kilicholoweshwa.

## Taya limelegea, au haumi tena

Samaki mzito akining'inizwa kwa mdomo, uzito wote unaangukia viungo vya taya na mishipa inayounganisha kichwa na mwili. Majini mwili wake hauna uzito wa kuubeba hivyo. Mtu anayemshika taya kwa kidole gumba au kwa koleo la kushikia mdomo amweke wima kwa samaki wadogo tu, na kwa muda mfupi. Mkubwa abebwe kwa ulalo, mkono wa pili ukimpokea chini ya tumbo. Usimbane kooni kati ya vifuniko vya matamvua, maana moyo uko hapo. Ukitaka kujua uzito wake, mpime ndani ya wavu kisha toa uzito wa wavu.

## Umefanya yote sawasawa na bado wanapotea

Tazama unamwachia wapi. Papa au samaki wakubwa wakishajifunza kusubiri chini ya chombo, yule anayeondoka akiyumba hafiki mbali. Ondoka hapo.

Tazama pia kama unawaweka kwenye ndoo au tangi ili "uamue baadaye". Maji machache huishiwa oksijeni na kupata joto haraka, na samaki aliyekaa humo saa nzima si yule uliyemtoa. Uamuzi wa kumchukua au kumwachia ufanywe akiwa bado kwenye ndoano.

Mwisho, tazama msimu. Wakati wa kuzaliana, dume la samaki aitwaye besi hulinda kiota. Muda anaokuwa mkononi mwako na muda anaopumzika baada ya kuachiwa, samaki wengine wanakula mayai yake, na yeye mwenyewe anaweza asirudi. Jike la sato hubeba mayai na vifaranga mdomoni, na akishtuka huwatema. Kwa hiyo ukivua mmoja ukaona mayai au vifaranga vinamtoka mdomoni, mtoe ndoano chini ya maji, mwachie palepale ulipomtoa, kisha peleka mshipi wako mbali na eneo hilo la mazalio mpaka msimu upite.